Kalahari: Mchanga, Kisima na Hadithi ya Ardhi Tupu

Kila mwaka, katika juma la pili la kozi yangu ya historia ya sera za ardhi Afrika, huingia darasani na chupa mbili za plastiki zilizokatwa shingo. Ya kwanza nimeijaza mchanga mkavu wa mtoni. Ya pili ina udongo mweusi wa mbuga, niliouponda na kuushindilia. Humimina kikombe kimoja cha maji katika kila chupa, kisha huwaomba wanafunzi watazame kwa dakika tano bila kusema neno. Kwenye mchanga maji hutoweka papo hapo. Kwenye udongo wa mbuga hutuama juu, yaking'aa kwa mwanga wa dirishani, na hunywewa polepole sana. Hapo huuliza: ni chupa ipi yenye maji mengi zaidi? Wengi hunyosha kidole kuelekea ile ya udongo mweusi, kwa sababu ndiyo ambayo maji yake wanayaona.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja, mtumishi wa halmashauri aliyerudi chuoni kujiendeleza, alinisubiri baada ya kipindi na kuniuliza kwa adabu: "Samahani Daktari, hii ni kozi ya historia au ya kilimo?" Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa kipindi kingine kilikuwa kinaanza. Jibu refu ni hili, na nimeamua kulitolea mfano wa Botswana. Sioni nchi nyingine ya Kiafrika ambayo tabia za udongo wake zimeandika historia yake ya ardhi kwa uwazi kiasi hicho.

Zaidi ya theluthi mbili ya Botswana imefunikwa na mchanga wa Kalahari. Mchanga huo hauishii hapo. Unaanzia Mto Orange, Afrika Kusini, ukapita Namibia, Botswana, Zimbabwe, Angola na Zambia hadi kuingia Kongo, eneo la takriban kilomita za mraba milioni 2.5. Watu huliita jangwa, lakini kwa maana tuliyoizoea sisi si jangwa. Kusini-magharibi mwa Botswana mvua ni kama milimita 150 hadi 250 kwa mwaka, na kaskazini-mashariki hupita milimita 600. Kuna nyasi, kuna mikakaya na miti mingine ya miiba, kuna wanyama wa kila namna. Dakta David Livingstone, yuleyule ambaye sisi tunamhusisha na Ujiji, alivuka nchi hiyo mwaka 1849 akielekea Ziwa Ngami, na baadaye aliandika kwa mshangao juu ya wingi wa majani na viumbe katika mahali palipoitwa jangwa. Alichokikosa ni mito. Mtu anaweza kusafiri siku nyingi asikute kijito, wala chemchemi, wala dimbwi.

Sababu ni mchanga wenyewe. Mara nyingi zaidi ya sehemu 90 kati ya 100 za udongo huo, na mahali pengine zaidi ya 95, ni chembe za mchanga mwembamba uliopeperushwa na kutandazwa na upepo kwa muda mrefu usiohesabika. Wataalamu huuweka katika kundi la arenosoli. Rangi yake nyekundu kule kusini-magharibi hutokana na utando wa oksidi ya chuma uliozizunguka chembe, utando mwembamba kama kutu juu ya panga la zamani. Mfinyanzi ni haba sana, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa chembe za mfinyanzi pamoja na mboji ndizo ghala ambamo udongo huweka akiba ya rutuba. Mchanga hauna ghala. Naitrojeni ni kidogo, fosforasi ni kidogo, na mboji mara nyingi haifikii hata asilimia moja. Mtu akilima mahindi hapo kwa misimu miwili mitatu atakuwa amekula mtaji.

Kusini-magharibi, kuelekea mipaka ya Namibia na Afrika Kusini, mchanga umejipanga katika matuta marefu yanayokwenda sambamba kama mistari ya daftari, mengi yakiwa na kimo cha mita 5 hadi 15. Kati ya tuta na tuta kuna bonde pana ambamo udongo una chembe laini zaidi kidogo na nyasi tofauti na zile za mgongoni. Matuta hayo yalijengwa na upepo nyakati zilizokuwa kavu zaidi kuliko sasa, mengi yakiwa na umri unaopita miaka 10,000. Leo yamelala. Nyasi zimeyashikilia kwa mizizi, isipokuwa migongo ya baadhi ya matuta ambayo bado hutikisika upepo wa kiangazi ukivuma. Mchungaji hutambua mgongo na bonde kwa nyayo zake, kwani mgongoni mguu huzama.

Sasa turudi kwenye chupa zangu. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya mchanga mkavu hulowesha kina cha kama sentimita 10 au zaidi. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya mfinyanzi hulowesha sentimita 3 au 4 tu, na jua la siku mbili tatu hurudisha sehemu kubwa angani. Mchanga hukauka juu tu. Tabaka la juu likishakauka, maji ya chini hayapandi tena kwa urahisi, kwa kuwa nafasi kati ya chembe ni kubwa mno kuweza kuyavuta kuelekea juu. Tabaka hilo kavu huwa kama kifuniko cha chungu. Ndiyo maana katika nchi yenye mvua nyingi mkulima huukimbia mchanga, ilhali katika nchi kame mchanga hustawisha majani ambayo mfinyanzi usingeweza kuyalisha kwa mvua ileile. Mchanga wa Kalahari haukosi maji. Umeyaweka mahali ambapo macho hayafiki.

Mimea imeijua siri hiyo. Mti ambao Watswana huuita motlopi, wenye shina jeupe na kivuli kizito, ndio unaoshikilia rekodi ya mzizi mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani: mita 68 kwenda chini, uliokutwa na wachimba kisima huko Kalahari. Binadamu nao waliijua. Wasan, ambao nchini Botswana huitwa Basarwa, waliishi Kalahari ya Kati kwa miezi mingi ya mwaka bila maji ya juu ya ardhi, wakinywa matikiti ya porini na maji ya viazi vya mizizi wanavyovifukua. Palipokuwa na unyevu karibu, walichomeka mrija katika mchanga na kuuvuta maji kwa mdomo. Anayeishi hivyo hajengi kijiji kikubwa, hachimbi bwawa, haachi alama ambayo msafiri aliye juu ya farasi au afisa aliye ndani ya ndege ataiona.

Watswana wenye ng'ombe, ambao miji yao mikubwa ilikuwa upande wa mashariki kwenye ardhi ngumu, waliutumia mchanga kwa msimu. Wakati wa mvua kuna vidimbwi vipana vyenye kitako cha chokaa na mfinyanzi ambavyo hushika maji kwa wiki kadhaa. Ng'ombe walipelekwa huko, wakala nyasi za mchangani, kisha vidimbwi vilipokauka wakarudishwa. Kgosi, yaani mtemi, aliwateua waangalizi wa malisho walioitwa badisa, na kila mmoja alijua ni nani ameingia eneo lake, kutoka wapi, na ng'ombe wangapi. Sisemi kwamba huo ulikuwa ulimwengu wa haki. Basarwa wengi walikuwa watumwa au nusu watumwa wa wenye ng'ombe, jambo ambalo baadhi ya wanaharakati wetu wanaosifia mila kwa jumla hupenda kulirukia. Ninachosema ni kwamba mchanga wenyewe ulikuwa na mlango, na mlango huo ulifungwa na kiangazi. Hakuna aliyeweza kukaa na ng'ombe elfu mchangani mwaka mzima.

Mlango huo ulivunjwa na mashine ya kuchimba visima. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Isang Pilane, aliyekuwa akikaimu utemi wa Bakgatla, alianza kuchimbisha visima virefu na kuvikabidhi kwa vikundi vya wenye mifugo waliochangia gharama. Serikali ya kikoloni ya Bechuanaland nayo ikafuata njia hiyo, na kuanzia miaka ya 1950 visima vikaenea magharibi zaidi, kina mara nyingi kikipita mita 100. Kisheria ardhi iliendelea kuwa ya kabila zima. Lakini maji yaliyopandishwa kwa fedha ya mtu yalikuwa ya mtu huyo, na katika nchi ambayo hakuna maji mengine kwa umbali wa siku nzima, mwenye kisima ndiye mwenye majani yote yanayokizunguka. Hakuhitaji hati. Alihitaji injini ya dizeli.

Ningependa watumishi wa umma wanaonisoma waitafakari hatua hiyo kwa makini. Hapakutungwa sheria ya kubinafsisha malisho. Hapakuwa na mjadala bungeni. Tabia ya udongo, kwamba hauachi maji juu, ilikutana na teknolojia ghali, na matokeo yake yakawa umiliki. Pauline Peters, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Kgatleng, ameieleza historia hiyo ya vikundi vya visima kwa undani katika kitabu chake cha mwaka 1994, nami huwalazimisha wanafunzi wangu wakisome chote.

Kuna jambo la kusikitisha zaidi kuhusu maji hayo. Kwa kuwa mchanga hushika mvua karibu na juu, na mizizi huinywa karibu yote, kinachofika chini kabisa kuongeza akiba ni kidogo mno. Vipimo vilivyofanywa na wanasayansi wa maji vinaonyesha takriban milimita 5 kwa mwaka ukingoni mwa mashariki, na kama milimita 1 tu katikati ya Kalahari. Kisima kirefu mahali kama hapo kwa sehemu kubwa huchota mvua za kale.

Botswana ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966 ikitoka katika ukame mkali uliofyeka ng'ombe wengi. Muda mfupi baadaye almasi ikapatikana, mifugo ikaongezeka tena, na Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975 ukafungua soko la nyama Ulaya kwa bei nzuri. Sheria ya Ardhi ya Makabila ya mwaka 1968, iliyoanza kutumika 1970, ilikwishahamisha mamlaka ya kugawa ardhi kutoka kwa watemi kwenda kwa Bodi za Ardhi. Kisha mwezi Julai 1975 Rais Seretse Khama akatangaza Sera ya Taifa ya Ardhi ya Malisho ya Kikabila, iliyochapishwa kama Waraka wa Serikali Na. 2 wa mwaka huo.

Hoja ya waraka ilikuwa hivi. Malisho ya pamoja yanaharibika kwa sababu hayana mwenyewe. Wenye ng'ombe wengi wahamie magharibi, kwenye mchanga, wapewe ranchi zenye uzio kwa mkataba wa pango wa miaka 50, na hapo watatunza ardhi kwa kuwa ni yao. Wakiondoka, wafugaji wadogo watapata nafasi ya kupumua katika malisho ya pamoja. Sehemu ya tatu ya ardhi itatengwa kama akiba kwa ajili ya maskini na vizazi vijavyo. Ranchi ya kawaida ilichorwa kuwa na hekta 6,400, yaani mraba wenye upande wa kilomita 8, na kisima kimoja katikati.

Nyuma ya hoja hiyo kulikuwa na makala ya mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, iliyotoka mwaka 1968, aliyedai kwamba malisho ya wote huishia kuwa maangamizi ya wote. Hardin hakuwa amechunguza wafugaji wa Kiafrika. Hata hivyo hoja yake ilisafiri haraka kuliko utafiti wowote, kwa sababu iliwaambia wapangaji na wafadhili jambo walilokuwa tayari wanaliamini. Mwaka uleule Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za vikundi. Sisi Tanzania tulikuwa na Sheria ya Uendelezaji wa Nyanda za Malisho tangu 1964, na katika miaka ya 1970 tukawa na mradi mkubwa wa Umasaini uliofadhiliwa na Wamarekani. Mtindo ulikuwa mmoja: chora mipaka, chimba kisima, hesabu ng'ombe kwa hekta.

Simshutumu Seretse Khama kwa nia mbaya. Ni miongoni mwa viongozi waadilifu zaidi wa kizazi chake. Lakini sera ilisimama juu ya dhana moja ambayo kila kitu kiliitegemea, nayo ni kwamba kule mchangani kuna ardhi kubwa iliyo tupu. Ramani zilionyesha hakuna visima, na pasipo na visima iliaminika hakuna watu. Maafisa na watafiti walipoanza kuzunguka, akiwamo Robert Hitchcock katika mchanga wa magharibi wa Wilaya ya Kati, walikuta watu kila mahali: Basarwa, Bakgalagadi, wachungaji wa mifugo ya matajiri, familia zenye mbuzi wachache. Ardhi ambayo ingetengwa kama akiba ya maskini ikapotea katika utekelezaji. Mwaka 1978 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ilitoa maoni ya kisheria kwamba Basarwa wanaohamahama hawana haki yoyote katika ardhi ya kabila isipokuwa haki ya kuwinda. Utafiti wa mapato vijijini wa 1974/75 ulikuwa umeonyesha kwamba takriban asilimia 45 ya kaya za vijijini hazikuwa na ng'ombe hata mmoja. Kwa hao, suala la nani atunze ranchi halikuwahusu.

Na wale waliopewa ranchi? Wengi waliendelea kuwa na haki ya kuchunga katika malisho ya pamoja. Ranchi ikiishiwa majani, walifungua lango na kurudisha ng'ombe vijijini, wakala majani ya jirani asiye na uzio, kisha mvua ikinyesha wakarudi kwao na kufunga lango. Wabotswana huliita jambo hili haki mbili za malisho, na limelalamikiwa kwa miongo kadhaa. Sera ya kilimo ya mwaka 1991 iliongeza uzio badala ya kuupunguza.

Sasa tuulize swali ambalo sera yenyewe ilidai kulijibu: mchanga uliokolewa? Hapa ndipo sayansi ya udongo inaponifurahisha, kwa kuwa imekataa kuwapendelea wote wawili, wapangaji na wapinzani wao.

Jeremy Perkins, David Thomas na Andrew Dougill ni miongoni mwa waliopima kwa miaka mingi hali ya ardhi kuanzia kisimani kwenda nje. Picha waliyoikuta inafanana karibu kila ranchi. Mita mia chache za kwanza ni uwanja mtupu, uliokanyagwa ukawa unga, lakini wenye rutuba kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ng'ombe hula mbali na kuja kunya kisimani. Kumbuka kwamba mchanga hauna ghala. Rutuba yake yote ni ile inayozunguka kati ya majani na mizizi, na ng'ombe huihamisha kidogo kidogo, siku baada ya siku, kutoka kilomita nyingi hadi kwenye duara moja dogo. Baada ya uwanja huo huja ukanda wa vichaka vya miiba, mara nyingi kilomita mbili au zaidi, ambamo nyasi nzuri zimetoweka. Mbele zaidi nyasi zipo.

Maelezo ya awali kuhusu vichaka yalikuwa mepesi: nyasi hunywa maji ya juu na vichaka hunywa ya chini, hivyo ng'ombe wakimaliza nyasi, maji huteremka na vichaka hustawi. Vipimo vya baadaye vilitatanisha picha hiyo, kwa kuwa unyevu na rutuba ya mchanga chini ya vichaka haikutofautiana sana na ile ya mahali pengine. Udongo wenyewe haukuwa umekufa. Kilichobadilika ni nani anaota juu yake, na mabadiliko hayo yalitokana na mseto wa malisho, moto na mwendo wa mvua. Hata chini ya miiba ya vichaka hivyo kuna jambo la ajabu. Juu ya mchanga wa Kalahari huota utando mwembamba wa sayanobakteria, viumbe visivyoonekana kwa macho, ambao hugandisha chembe zisipeperuke na kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Kwato huuvunja utando huo kwa urahisi, nao hujijenga tena kwato zikiondoka. Mahali unapodumu zaidi ni chini ya kichaka cha miiba, ambako ng'ombe haingii. Kile ambacho mfugaji hukiona kama adui ndicho kinachotunza ngozi ya ardhi.

Kwa hiyo wale waliotabiri kwamba Kalahari itageuka vumbi ndani ya kizazi kimoja walikosea, na wale waliodai uzio utarudisha nyasi walikosea pia. Ranchi zilizozungushiwa uzio zina duara lilelile kuzunguka kisima chake kama vituo vya ng'ombe visivyo na uzio. Mchanga haujui hati ya mtu. Unachohisi ni kwato ngapi zimepita, kwa muda gani, na kama mvua ilinyesha baada yake. Zamani mvua ilipokataa mahali pamoja mfugaji alihama, na mvua za nchi hizo huanguka kwa madoa: kilomita 20 upande huu zinanyesha, upande ule hakuna tone. Mraba wa kilomita 8 wenye seng'enge pande zote humfunga mfugaji ndani ya doa moja.

Upo wasiwasi mwingine ambao siwezi kuuacha. Mwaka 2005 Thomas na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba joto la dunia linavyopanda, upepo ukiongezeka na unyevu ukipungua, matuta yaliyolala ya Kalahari yanaweza kuamka tena katika karne hii, kuanzia yale ya kusini-magharibi. Ni makadirio ya modeli, si habari ya jambo lililotokea. Lakini anayepanga ranchi kwa mkataba wa miaka 50 juu ya tuta la mchanga anapaswa angalau kuyasoma.

Mwanafunzi wangu wa halmashauri angeniuliza: na sisi? Nitagusia kidogo tu. Sheria yetu ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatafsiri ardhi ya jumla kuwa ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Wanaharakati wa ardhi wameipigia kelele tofauti hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na wana sababu. Katika nyanda kame, malisho ya kiangazi huonekana hayatumiki miezi yote ya masika, na ya masika huonekana matupu kiangazi kizima. Nimewahi kukaa katika kikao ambapo afisa mmoja aliweka picha ya satelaiti ukutani, akapitisha kidole juu ya eneo lenye rangi ya kahawia na kusema, "Hapa pako wazi." Picha ilikuwa ya mwezi Februari. Mzee mmoja wa pale, aliyekaribishwa kama mwakilishi wa wafugaji, alicheka tu, kisha akaomba aruhusiwe kwenda kuswali. Hakurudi.

Nimalizie na kisima, kwa kuwa ndicho kilichoanzisha yote. Mwaka 1961, kwa mapendekezo ya George Silberbauer aliyekuwa ametumwa kuchunguza hali ya Wasan, ilianzishwa Hifadhi ya Wanyama ya Kalahari ya Kati, yenye takriban kilomita za mraba 52,000, ili pamoja na wanyama wakazi wake waendelee na maisha yao. Katika miaka ya 1980 kampuni iliyokuwa ikitafuta almasi ilichimba kisima mahali paitwapo Mothomelo, ndani ya hifadhi, na wakazi wakaruhusiwa kukitumia. Mwaka 1997 serikali ilianza kuwahamisha watu. Mwaka 2002 ilihamisha wengine, ikasitisha huduma, na pampu pamoja na tangi la Mothomelo vikaondolewa.

Wakazi walikwenda mahakamani. Desemba 2006 Mahakama Kuu, kwa kura mbili dhidi ya moja, iliamua kwamba walikuwa wakiimiliki ardhi hiyo kihalali na kwamba waliondolewa isivyo halali. Mmoja wa majaji wa upande wa wengi alikuwa Unity Dow, ambaye wasomaji wa riwaya wanamfahamu. Lakini mahakama hiyohiyo, tena kwa wingi wa kura, ilisema serikali hailazimiki kurudisha huduma, maji yakiwamo. Waliorudi walirudi kwenye haki yao na mchanga wao, juu ya kisima kilichokuwapo bila pampu, wakinywa matikiti yalipopatikana na kubeba maji kwa vyombo kutoka nje ya hifadhi.

Waliomba ruhusa ya kukifufua kisima kwa gharama yao wenyewe. Serikali ilikataa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwakatalia pia. Tarehe 27 Januari 2011 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mosetlhanyane, ilitengua uamuzi huo: kwa kuwa wanaikalia ardhi kihalali, hawahitaji kibali cha mtu kutumia kisima cha Mothomelo kwa matumizi ya nyumbani, na wanaweza kuchimba vingine. Gharama ziwe juu yao.